Gauni Nililomshonea Mtoto wa Shoga Yangu Limekuwa Tambara la Deki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Tanga. Mwaka juzi nilinunua cherehani ya miguu iliyotumika kwa mama mmoja mtaani kwetu aliyekuwa anahama. Ufundi sikuusomea. Nimejifunza kwa kukaa barazani kwa fundi jirani nikimtazama, na kwa kuharibu. Najua kushona foronya, mapazia, sketi za lastiki na magauni ya watoto yasiyo na mambo mengi.

Nina mashoga wanne, tumetoka mbali. Kila Idi tunapeana vitu, na watoto wa kila mmoja wanapewa. Nikijumlisha watoto wao na wa wifi yangu wanafika tisa. Zamani nilikuwa naingia dukani nanunua. Sasa kazi ya mume wangu imekuwa ya siku kwa siku, hata hela ya sukari tunaipigia hesabu.

Mwaka jana nikasema nishone. Shoga yangu mmoja alikuwa na binti anayekaribia mwaka. Nikanunua yadi moja na nusu ya kitenge kipya, cha samawati chenye maua ya njano. Nilipofika nyumbani nikakitandika mezani, nikakata, na usiku wa kuamkia sikukuu nikamaliza. Asubuhi nikampelekea. Nikamwambia, "Shoga, nisamehe, mwaka huu mfukoni pabaya, nimeona nikushonee haka kagauni tu." Akashukuru, akamvalisha mtoto pale pale. Kichwa kilipita kwa shida kidogo, mtoto akalia, lakini mwilini lilimkaa vizuri.

Baada ya miezi kama mitatu nikaenda kwake kumsalimia. Nikamkuta binti wa kazi anadeki ukumbi. Nikatazama lile tambara kwenye ndoo, nikaona maua ya njano. Shangazi, chai niliinywa lakini sijui ilipita wapi.

Nilimsimulia wifi yangu, naye akaniambia vitu vya kushona nyumbani ndivyo vilivyo, watu wanavipokea kwa haya tu. Mume wangu naye anasema bora tusitoe chochote kuliko kuonekana hatuna.

Idi imebaki wiki tano. Nina shilingi 40,000, mfuko wa mabaki ya vitenge niliopewa na fundi jirani, mashati mawili ya mume wangu yaliyochakaa kola, na shuka moja la pamba la zamani. Cherehani yenyewe siku hizi inaruka nyuzi. Shoga yangu mwingine amejifungua, arobaini yake itaangukia karibu na sikukuu, nilifikiria kumshonea mtoto kimto chenye sura ya paka, macho nitie vifungo. Nishone au niache? Na kama ni kushona, nishone nini ambacho hakitaishia kwenye ndoo?

Mama Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma moyo ulioumia, na pole sana, mimi pia ningetoka pale bila kujua nimeagaje. Mara ya pili nikaisoma kama mshonaji, na hapo nikaona jambo ambalo wewe hukuliona. Nianze na hilo, kwa sababu naamini ndilo lililouponza moyo wako.

Umesema kitenge kilikuwa kipya na ulikikata siku hiyo hiyo. Umesema pia kichwa kilipita kwa shida tangu siku ya kwanza. Basi lililolipata gauni lile nalijua kama vile nilikuwepo. Kitenge cha pamba kinatoka dukani kimekazwa kwa kanji. Kikiingia majini mara ya kwanza kanji inatoka, na kitambaa kinanywea. Shingo iliyopitisha kichwa kwa shida siku ya Idi, baada ya kufuliwa haikupitisha tena. Na mtoto naye anakua. Binti wa mwaka mmoja kichwa chake kwa kawaida ni kama sentimita 45 kuzunguka, akifika miaka miwili ni kama 47. Mama yake bila shaka alijaribu mara moja, akajaribu mara ya pili, mtoto akalia, akaliweka kando. Na nguo ya pamba iliyowekwa kando katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, mwisho wake unaujua. Lingekuwa la poliesta lisingefika kwenye ndoo, maana halinyonyi maji. Lilichaguliwa kwa deki kwa sababu kitambaa chake kilikuwa kizuri.

Kwa hiyo shoga yako hakuitupa zawadi yako. Alikuwa na gauni lisilovalika, akaona haya kukwambia.

Dawa yake ni ndogo. Kitenge, kanga, shuka, kitambaa chochote kipya cha pamba, kiloweke usiku mzima kabla hujagusa mkasi. Maji yakitoka na rangi, suuza mpaka yatoke meupe. Anika kivulini, piga pasi, ndipo uchore kwa chaki. Hiyo ni siku moja unayopoteza, na ndiyo sababu nguo ya zawadi haishonwi usiku wa kuamkia sikukuu.

Sasa kuna lile neno ulilolitoa mlangoni. Ulisema "nisamehe", ukasema "mfukoni pabaya", ukasema "kagauni tu". Mwanangu, ulimpa gauni na kumpa pia kazi ya kukuhurumia. Kabla hajaona maua ya njano alikwisha ambiwa kwamba hiki ni kitu cha shida. Mwaka huu sema hivi: "Hii nimemshonea fulani kwa mkono wangu, nilimchagulia hii rangi." Kisha nyamaza. Usieleze bei ya kitambaa, usieleze kazi ya baba watoto. Mambo ya mfuko wako mashoga wa kweli wanayajua tayari.

Na mume wako umwambie hili kwa upole, jioni akiwa ametulia, kwa kuwa naona anachokiogopa ni jina la nyumba yake. Sisi watu wa pwani zawadi zetu kubwa kabisa zina majina ya nguo. Alipokuja kukuposa hakuambiwa alete pesa zisizo na jina. Kulikuwa na kilemba cha baba, mkaja wa mama, na kwa wengine mbeleko. Mkaja ni kitambaa cha kufungia tumbo la mzazi. Mbeleko ndiyo iliyokubeba mgongoni. Siku hizi vinalipwa kwa fedha, lakini jina limebaki la kitambaa, kwa sababu wazee waliona hicho ndicho kinachomfaa mama aliyelea.

Hata kanga, ambayo leo ukimpa mtu mzima anaipokea kwa mikono miwili, inasimuliwa kwamba ilianzia kwenye sindano ya wanawake waliokuwa na akili ya kubana matumizi. Karne ya 19 madukani kulikuwa na leso za kutia rangi, zile za kushika mkononi, zinauzwa kwa mkato wa pamoja kabla hazijatenganishwa. Wanawake wakanunua mkato wa leso sita, wakaukata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona ubavu kwa ubavu kupata nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona wanawake wamebuni vazi, ndipo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Wifi yako akisema vya kushona nyumbani ni vya haya, yeye mwenyewe pengine yuko jikoni amejifunga leso.

Basi nishone au niache? Shona. Ila tuelewane wapi pa kubana na wapi pasibanwe. Bana kwenye kitambaa: tumia mabaki, mashati, shuka. Usibane kwenye uzi, sindano na pasi. Hapo ndipo macho ya watu yanapotambua kitu cha kupewa na kitu cha kuokota. Uzi wa bei ya chini unakatika na unaacha manyoya, na mshono wake unafumuka kwenye ufuaji wa tatu. Katika hizo 40,000, kitu cha kwanza nunua uzi mzuri, mweupe, mweusi na rangi moja inayokubaliana na mabaki yako mengi. Cha pili, sindano. Cherehani inayoruka nyuzi mara nyingi haiumwi, sindano yake imepinda au imekuwa butu, au imewekwa ikiwa imegeuzwa. Badilisha kabla hujamwita fundi. Kwa kitenge tumia namba 14, kwa jinzi namba 16. Kisha safisha vumbi la nyuzi chini ya kile kibati kinachopitisha sindano na tia mafuta ya cherehani. Ya kupikia usijaribu kamwe, yanaganda na kuifanya nzito.

Watoto tisa. Hapa nimefikiria sana, na jibu langu ni kipochi cha mkono wa Idi. Unajua mwenyewe watoto asubuhi ya sikukuu, wakitoka nyumba hii kuingia ile, noti na sarafu wanazishika kiganjani mpaka zinalowa jasho, wakifika kwenye bembea nusu zimedondoka. Mtoto aliyevaa kipochi chake siku hiyo ni tajiri. Na kinakula kitambaa kidogo.

Kata kipande cha kitenge cha sentimita 17 kwa 36, na kingine cha kipimo hicho hicho kutoka kwenye shuka lako la zamani, hicho ndicho bitana. Viweke uso kwa uso, shona kuzunguka ukiacha sentimita moja na nusu ya pindo, lakini upande mmoja mrefu, karibu na chini, acha mlango wa kama sentimita 6. Punguza ncha za kona kwa mkasi ili zisivimbe. Geuza kupitia ule mlango, sukuma kona kwa kijiti butu, kisha piga pasi. Usiruke pasi! Utabaki na kipande safi cha 14 kwa 33. Kunja 12 kutoka chini kuja juu, zile 9 zinazobaki ndizo kifuniko. Pitisha mshono pande zote mbili, karibu kabisa na ukingo, na ule mlango ulioacha utafungwa na mshono huo huo bila sindano ya mkono. Siku ya kwanza nilipoonyeshwa jambo hili nilishona vipochi vinne mfululizo kwa furaha.

Hesabu ukitaka: yadi moja ya kitenge chenye upana wa sentimita 115 inatoa vipande 15 vya namna hiyo. Wewe unahitaji tisa tu, na mabaki ya fundi yatatosha. Vipande vilivyo vyembamba viunganishe, rangi mbili zikikutana katikati inapendeza zaidi kuliko moja.

Mkanda wake usiufanye wa kuning'inia shingoni. Watoto watapanda bembea, watakimbizana, na mkanda mgumu shingoni ni hatari. Kipochi kitie vitanzi viwili kwa nyuma vya kupitishia mkanda wa kiunoni, na mkanda huo umalizie kwa kifungo cha kubana kinachoachia kikivutwa kwa nguvu. Herufi ya kwanza ya jina la kila mtoto idarizi kwenye kifuniko kwa uzi wa rangi, hata kama mkono wako si hodari. Mtoto wa miaka mitano akiona herufi yake hamuulizi mtu imenunuliwa wapi. Ila kama kati ya hao tisa kuna mwenye umri wa chini ya miaka mitatu, kifungo usitie. Mwekee mfuko wa kukaza kwa lastiki.

Hilo linanileta kwa mtoto wa arobaini, na hapa nakuomba unisikilize kama mama yako. Kimto usishone. Mtoto aliye chini ya mwaka halazwi na mto wala mdoli laini, kwa sababu unaweza kumziba pumzi na yeye hana nguvu ya kugeuza uso. Na vifungo vya macho vinang'oka, vinaingia mdomoni, vinakaba koo. Paka wako ni mzuri, mwekee mpaka avuke miaka mitatu, na hata hapo macho udarizi. Kwa sasa mshonee mama mbeleko. Unganisha mabaki ya kitenge chepesi upande wa nje, ndani weka kile kipande cha shuka ambacho hakijachakaa, maana shuka lililofuliwa miaka mingi ni laini kuliko chochote utakachokinunua. Pitisha mishono ya urefu kila baada ya kiganja ili tabaka zisitelezeane. Pembeni, pale panapofungwa fundo, acha kitambaa kimoja tu, kikiwa kinene fundo halikazi. Kabla hujaifunga kama zawadi ijaribu wewe mwenyewe kwa mwanao mdogo, vuta, inama, chutama. Kitu kinachobeba mtoto hakitolewi bila kujaribiwa.

Mashoga wanne sasa. Mmoja ana mbeleko, wamebaki watatu. Hao washonee mkoba wa sokoni. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na ile mbadala ya bei ndogo inapasuka ukiwa hujafika nyumbani. Tafuta suruali tatu za jinzi kwenye mitumba, zile zenye zipu mbovu ambazo muuzaji anataka aondokane nazo. Mguu mmoja wa suruali ya mwanamume tayari ni mfuko, umebakiza kufunga chini na kutia mishikio. Mishikio ifanye mirefu ya kuvaa begani, na pale inaposhikana na mfuko shona mraba kisha upitishe mshono wa msalaba ndani yake. Mkoba wa sokoni unaachia hapo kabla ya pengine popote. Viazi kilo tano, nazi mbili na mafuta ya lita moja ndiyo mtihani wake, jaribu ukitoka soko la Mgandini.

Kwa nje, kama una kanga iliyochakaa katikati lakini pindo lake bado lina uhai, kata lile jina na ulishone kama ukanda mbele ya mkoba. Lipime kwa macho kabla ya kukata, lisije likaishia katikati ya neno. Na ulisome kwa makini. Kanga haina maneno ya bure kwetu sisi. "Wema hauozi" mpe yeyote. "Hasidi hana sababu" usimpe mtu, hata kama hilo ndilo pindo pekee lililobaki zima, atakesha akitafuta umemaanisha nini. Na yule wa gauni mpe linalosema neno jema waziwazi, asibaki na shaka.

Wifi yako usimshonee kitu mwaka huu. Watoto wake wapate vipochi sawa na wenzao, wala kisipungue hata uzi mmoja, lakini yeye amekwisha kukwambia anavyoviona vitu vya mkono. Mpelekee kilo ya sukari au tambi za Idi, mwamkie vizuri, yaishe. Akitaka chake siku moja ataomba.

Muda wako wiki tano unatosha ukiupanga. Wiki ya kwanza loweka, anika, piga pasi kila kitu, na siku moja kaa ukate vyote tisa. Usishone kipochi kimoja mpaka mwisho ndipo uanze kingine. Pitisha hatua moja kwa vyote, kimoja kikitoka chini ya sindano kingine kinaingia bila kukata uzi, utavitenganisha baadaye. Unaokoa muda na uzi. Mbeleko ipe wiki yake peke yake. Siku tatu za mwisho kabla ya mwezi kuandama cherehani ifunikwe, zibaki za kukata nyuzi zinazoning'inia, kufua na kupiga pasi. Nyuzi zinazoning'inia kwenye zawadi zinanikera kuliko mshono uliopinda.

Nimeacha makusudi yale mashati mawili ya mume wako. Hayo ni ya binti wa gauni la samawati. Ndiyo, mshonee tena. Chukua shati, lifunge vifungo vyote, kola iliyochakaa ikate. Sasa ile sehemu ya mbele yenye vifungo ndiyo iwe mgongo wa gauni, mstari wa vifungo ukae katikati kabisa ya mgongo. Mbele ya gauni kata kutoka mgongo wa shati. Pindo la chini la shati liache lilivyo, limeshashonwa kiwandani, wewe punguza kwa juu. Mikono ya shati itakupa marinda ya chini au mifuko miwili. Hutatoboa tundu la kifungo hata moja, na nguo nzima itafunguka nyuma kuanzia shingoni hadi chini, kwa hiyo kichwa hakitapenya popote kwa shida. Ila vifungo vya shati vishonee upya kwa uzi wako mzuri, uvivute kwa nguvu vyote, huyo mtoto bado ni mdogo.

Kabla ya kukata, nenda kwa shoga yako na tepu ya kupimia mkononi. Usitaje tambara. Mwambie, "Namshonea binti yetu gauni la Idi, nataka nimpime." Mpime kifua, mpime urefu kutoka begani mpaka gotini, uongeze sentimita 5 za kukua. Akikuletea mwenyewe habari za lile la mwaka jana, mwambie shingo uliikosea, na sasa umejua.